Miguu Mitatu Nyuma ya Nyumba ya Kaka

Jumamosi, 2 Machi

Leo goti limenigomea mbele ya watu. Nilibeba tripodi yangu ya chuma, ile iliyosimama studio miaka ishirini bila kuhama. Katikati ya njia inayopanda nyuma ya nyumba ya kaka, mguu ukakataa kukunjika, nikakaa kwenye jiwe na chuma changu mapajani. Mke wa kaka aliniona kutoka jikoni akaja kunipokea. Alisema njia nzima, kuanzia uzito wa chuma hadi umri wangu.

Kazi yenyewe ni hii. Ng'ambo ya bonde kuna mlima wenye tangi la maji la mji, na chini yake inapita barabara kuu. Ofisi ya barabara inaogopa udongo ule usije ukashuka na mvua. Mhandisi wao anataka picha moja kila Jumamosi, kutoka pale pale, kwa lenzi ile ile, ili azipange na kuona kama mlima unasogea. Mahali panapouona mlima wote ni juu ya nyumba ya kaka, hatua kama hamsini nyuma ya jiko. Nikiifanya vizuri nitapewa kazi ya mwaka mzima. Sisi wa picha za pasipoti tunajua simu zimetufanya nini, kwa hiyo kazi hii naing'ang'ania kwa meno. Lakini bila tripodi nyepesi siifikishi hata Jumamosi ya pili.

Jumanne, 5 Machi

Nimeshinda kwenye duka la vifaa vya kamera mpaka mwenye duka akaniletea kiti. Namwita Bwana Miwani kwa sababu ana miwani mbili, moja machoni na nyingine utosini, na bado anatafuta ya tatu.

"Unapiga nini, dada?"

"Mlima."

"Mlima hauna haraka. Kwa nini unakimbilia wepesi?"

"Mlima hauna haraka, goti ndilo lililochoka."

Akanipangia tripodi nne sakafuni. Ya kwanza ilikuwa nyepesi kama mwavuli, lakini miguu yake ilikuwa na vipande vitano na cha mwisho ni chembamba kama penseli. Nikaigandamiza kwa kiganja, ikatetemeka kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Ya pili ilifungwa kwa vibanio, na kimoja kilikuwa kimeshalegea dukani. Ya tatu ilikuwa ndefu kuliko mimi, na Bwana Miwani akaniambia jambo ambalo sikulijua pamoja na miaka yangu yote: "Usinunue urefu wa nguzo ya kati. Ukiipandisha hiyo nguzo, kamera yako imesimama kwa mguu mmoja, si mitatu."

Nikachukua ya nne. Ni ya kaboni, miguu ya vipande vitatu, unazungusha kuifunga, na chini ina ndoano ya kutundika mfuko upepo ukivuma. Kumbe kichwa kinachoshika kamera kinauzwa peke yake. Alinionyesha kichwa kikubwa chenye vishikio vitatu na namba za nyuzi za mwinamo, na kidogo chenye mpira wa chuma unaozunguka kila upande na kufungwa kwa kitufe kimoja. Nikachukua cha mpira kwa sababu ya uzito. Vyote pamoja ni kilo moja na robo. Nimerudi nyumbani nikiibeba begani bila sababu, kama mtu mwenye bunduki mpya.

Jumamosi, 9 Machi

Picha ya kwanza. Goti halikunung'unika. Nimepaka rangi ya kucha kila mguu unapoishia, nikapiga vigingi vidogo vya mti ardhini, kimoja kwa kila mguu, na kichwa nimekifunga nikaapa kutokifungua msimu mzima. Tangi liko katikati ya picha kabisa.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Mteja mmoja, naye alikuwa anajikinga tu.

Jumamosi, 16 Machi

Picha ya pili. Wifi alinikaribisha chai nikishuka, nikanywa shingo upande. Anasema mlango wa chumba cha watoto unagoma. Seremala aliukwangua wiki iliyopita, leo umekaza tena.

"Mvua hiyo, wifi," nikamwambia. "Mbao zinakunywa maji."

"Mbao za miaka minne ndiyo zinaanza kunywa maji leo?"

Huyu mwanamke akiamka bila la kulalamikia atadhani anaumwa. Kaka alijenga nyumba hii miaka tisa, juu kuliko watu wote, kwa kuwa mkewe alitaka hewa. Sasa hewa anayo, analalamikia mlango.

Jumatatu, 18 Machi

Mhandisi amekuja studio na picha zangu mbili. Ni kijana mpole, ananiita Mama Picha, lakini leo alikuja na karani wake na wote wawili walikuwa wanabana kicheko.

"Mama Picha, kwa picha zako tangi linapanda mlima."

Akazibandika kwenye kioo cha mlango wangu, moja juu ya nyingine, mwanga ukapita. Kweli, tangi na nguzo za umeme na kila kitu vimepanda juu kwa upana wa punje ya mchele. Karani akasema labda linatafuta mvua. Wakacheka. Mhandisi akafuta macho, kisha akaniambia kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma, "Kama stendi inayumba, sema mapema. Tutatafuta mwenye vifaa."

Jumanne, 19 Machi

Nimekitupa kichwa cha mpira juu ya kaunta ya Bwana Miwani.

"Umeniuzia shingo ya kuku. Kamera inainama yenyewe."

Hakukasirika. Akafunga kamera yake nzito kwenye kichwa hicho, akailenga saa ya ukutani, akaendelea kuhudumia watu. Baada ya nusu saa akaniita nichungulie. Saa ilikuwa pale pale.

"Kichwa hakishuki, dada."

"Basi nashuka mimi."

Wateja wakatugeukia. Akanibadilishia, akanipa kile cha vishikio vitatu chenye namba. Begi limeongezeka nusu kilo. Nilitoka bila kuaga, na nilitaka wote waone kwamba sikuaga.

Jumamosi, 23 Machi

Nimeandika namba zote tatu za kichwa kwenye daftari na mkononi. Tangi limepanda tena.

Nimeinyoosha. Kwenye kompyuta nimelishusha tangi likarudi katikati, nikakata ukingo, nikaituma. Si uongo. Mteja akija kola imepinda namnyooshea kabla ya picha ya pasipoti, na hakuna aliyewahi kusema nimeghushi mtu.

Jumamosi, 30 Machi

Mvua tangu alfajiri. Tangi limepanda. Nimelishusha.

Jumatano, 3 Aprili

Nimepata jibu: ni matope. Vigingi vya mti vinazama. Fundi wa vyuma amenikatia nondo tatu, kila moja urefu wa mkono, tukapanda naye akazipiga nyundo mpaka vichwa vikawa sawa na ardhi. Nondo ya mwisho ilizama kirahisi mno, kama anaichoma kwenye uji. Fundi akatazama nyundo yake, akatazama udongo. "Mama, hapa laini," akasema. Nikamwambia ndiyo maana nimemleta.

Jumamosi, 6 Aprili

Miguu juu ya nondo. Namba zile zile. Rangi ya kucha pale pale. Tangi limepanda. Nimelishusha, nikamtumia.

Jumatano, 10 Aprili

Mhandisi amepiga simu kunisifu. "Picha zimetulia sana sasa, Mama Picha. Ukiziweka moja juu ya nyingine ni kama moja. Mlima ni mzima." Anasema barua ya kazi ya mwaka mzima iko mezani kwa mkuu wake. Nilishukuru.

Jumamosi, 13 Aprili

Tangi limepanda kuliko wiki zote.

Nilikuwa nafunga begi wifi akanijia na mwavuli. Mlango umekwanguliwa mara ya tatu, sasa na dirisha la jikoni halifungi. Nikamwambia labda amtafute seremala mwenye akili.

"Mhandisi wako alipita juzi kuangalia nondo," akasema. "Nikamuuliza kuhusu mlango. Akaniambia, mama, udongo wa huku ungekuwa unasogea, picha za wifi yako zingevurugika. Zimetulia kama sanamu. Nikasema haya, kama wifi ndiye anayepiga, basi."

Nilijitia nafunga zipu. Zipu ilikuwa imeshafungwa.

Nyumbani nikainyoosha na hii. Ni ya nne.

Jumatatu, 15 Aprili

Sikufungua studio. Nilisimamisha tripodi sakafuni, nikatundika mfuko wa mchele kwenye ndoano, nikailenga kalenda ya ukutani na kupiga picha kila saa, tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja. Nimezibandika zote kumi kwenye kioo. Hazikupishana hata unywele. Povu la pimamaji, ile ndogo iliyomo kwenye kichwa ambayo siku zote nimeiona ya urembo, lilikaa katikati kutwa nzima.

Kwa hiyo kichwa ni kizima na miguu ni mizima. Bwana Miwani hana kosa. Sasa sina wa kumlaumu, na sijui kwa nini hilo linanitisha.

Jumamosi, 20 Aprili

Niandike polepole.

Nimepanda saa tatu, mvua ikiwa imepumzika. Nikaweka miguu juu ya nondo, nikafunga alama zote, na kwa mara ya kwanza msimu huu nikaitazama pimamaji kabla ya kutazama mlima. Povu lilikuwa limekimbilia upande wa juu likagota. Tripodi iliyosimama wima kwangu sakafuni, hapa imeinamia bondeni. Miguu haikubadilika. Kilichobadilika ni kile ilichokanyaga.

Nikageuka nyuma. Wiki saba nimesimama pale nikiwa nimekipa kisogo kilima chenyewe, macho yote kwenye tangi la ng'ambo. Kwenye majani, hatua sita juu yangu, kulikuwa na ufa. Umepita kuanzia uzio wa kaka hadi korongoni, upana wa kiganja, na maji ya mvua yalikuwa yanaingia humo bila kutokea popote. Nikatia tawi lefu likapotea lote.

Mimi na nondo zangu na nyumba ya kaka tuko upande mmoja wa ufa ule. Chini ni bonde.

Nikashuka kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu. Wifi alikuwa anaanua nguo.

"Wifi, nionyeshe mlango."

Akadhani namdhihaki. Kisha akaniangalia usoni, akaweka nguo chini. Kwenye ukingo wa mlango wa chumba cha watoto kuna michirizi mitatu ya randa, kila mmoja wa tarehe yake. Fremu imeinamia bondeni, kama povu lilivyoniambia.

"Uliniambia mara ngapi?" nikamuuliza.

"Nne. Ya nne ulinifundisha nimtafute mwenye akili."

Nikamwomba watoto walale kwangu kuanzia leo. Hakuuliza kwa nini. Alianza kukunja nguo zao pale pale, na mimi nikawa nashika ncha za mashuka, kazi ambayo sikuwahi kufanya naye tangu aolewe.

Jumapili, 21 Aprili

Kaka amekataa. Yeye ni fundi cherehani na ni mkubwa wangu, vitu viwili vinavyomfanya asipende kuambiwa kwamba kitu kimepinda.

"Mdogo wangu, nyumba ikikaa lazima itulie kidogo. Hata suti inatulia mwilini."

"Kaka, kuna ufa."

"Kila kilima kina ufa. Tofali zile nilizipandisha kichwani. Kwa povu la kwenye kamera ndiyo nihame?"

Wifi alisema watoto hawarudi. Kaka akasema basi watabaki wawili. Wakabaki wawili.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimekwenda ofisini kwa mhandisi na picha nne kama zilivyotoka kwenye kamera. Nikamwambia zile nilizotuma nilizinyoosha. Nilidhani nimejiandaa kwa uso wake, sikuwa nimejiandaa.

Akazipanga dirishani. Hakucheka. Tangi lilipanda picha baada ya picha, ngazi kwa ngazi, kila ngazi kubwa kuliko ya nyuma.

"Mama Picha," akasema hatimaye, "hizi ndizo zilizokuwa kazi."

Mchana tukapanda wote. Alipouona ufa alirudi nyuma, akatutaka tuteremke. Alimwambia kaka ahame leo. Kaka akakunja mikono: "Si wewe uliyemwambia mke wangu huku kuko salama, kwa sababu picha zimetulia?"

Mhandisi akanitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Akasubiri, nami nikatazama viatu vyangu. Akainamisha kichwa. "Nilikosea," akasema, yeye, kijana wa watu. Barua ya kumtoa mtu nyumbani kwake inachukua wiki mbili, na kaka anajua hivyo.

Jumanne, 23 Aprili

Kaka haamini povu. Anaamini tepu yake. Nimeamua kumpa kitu cha kupima.

Ng'ambo, chini ya tangi, kuna mwamba mtupu. Nimeupanda kwa saa mbili na nusu, mara nyingine kwa magoti, na moja ya hayo magoti nalifahamu tabia yake. Kwa ile tripodi ya chuma nisingefika hata robo. Upepo ulikuwa mkali. Nikaitanua miguu mpaka ikakaribia kulala, nguzo ya kati nikaiacha chini kama nilivyofundishwa, nikatundika begi lililojaa mawe kwenye ndoano. Nikachora mwamba kwa chokaa kila mguu ulipokanyaga. Povu likakaa katikati, likatulia. Kisha nikailenga nyumba ya kaka kwa lenzi ndefu na kupiga.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua kutwa. Watoto wa kaka wamejipiga picha za pasipoti kumi na nne.

Jumamosi, 27 Aprili

Mwamba tena. Alama za chokaa zimefifia lakini zipo. Picha ya pili.

Nikazichapisha kubwa, nikaenda nazo dukani kwa kaka, nikazibandika kwenye kioo chake bila neno. Akavaa tepu shingoni, akasogea. Uzio wa jirani wa chini umelaliana na uzio. Daraja la bondeni limelaliana na daraja. Nyumba haikulaliana. Kulikuwa na nyumba mbili, moja imechungulia chini ya nyingine.

"Umezigusa hizi?" akauliza.

"Hizi sijazigusa."

Hakusikia nilivyolitamka neno "hizi". Akapima. Mlango wa mbele una mita mbili. Kwenye picha ni milimita kumi. Nyumba imeshuka milimita moja. Alihesabu kwa midomo, kisha akapanua kidole gumba na cha kati juu ya meza ya kukatia, akavitazama.

"Shubiri," akasema. "Kwa siku nne."

Akavua tepu, akaikunja taratibu, akafunga duka.

Jumapili, 28 Aprili

Tumeng'oa mabati. Mhandisi amekuja na watu watatu wa ofisini kwake, bila kuitwa na bila sare. Mmoja alisimama kwenye ufa na filimbi, akituambia tupumzike lini na tukimbie lini. Kaka alikuwa juu ya kenchi za paa akivuta misumari mmoja mmoja na kuitia mfukoni. Nilikasirika naye kwa ule utaratibu wake, kisha nikaona analia, nikakasirika na nafsi yangu.

Kabla ya bati la kwanza kushuka, wifi alisimama uani akasema, "Miaka minne tunaishi hapa, wifi yangu ni mpiga picha, na nyumba hii haina hata picha moja." Hakusema kwa ubaya. Ni kweli, sikuwahi kuipiga. Nilikuwa nimemnunia.

Nikawapanga mbele ya mlango, kaka na wifi na watoto. Nikawa nalenga, wifi akaita, "Na wewe njoo! Hayo madude si yanasimama yenyewe?" Nikaiweka kamera isubiri sekunde kumi, nikakimbia nikichechemea, wifi akaninyakua mkono. Nimetoka mdomo wazi, jicho moja limefumba.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimekwenda kwa Bwana Miwani kuomba radhi. Akasema alishasahau, kisha akarudia neno kwa neno yote niliyosema.

Alhamisi, 2 Mei

Nyumba imeondoka na kilima saa saba mchana. Tulisikia tukiwa studio, tukadhani ni lori. Hakuna mtu aliyekuwa juu.

Jumamosi, 4 Mei

Siku mbili hizi watu wanakuja kunishika mkono. Kwamba nimeokoa roho sita kwa jicho langu. Jana wifi aliwaambia mbele ya mlango, "Bila wifi yangu tungezikwa," na watu wakanitazama kama mtu wa maana. Mhandisi alikuwepo. Hakufungua mdomo, na najua hataufungua.

Leo nimeshindwa kuvumilia. Kaka alipotoka, nilimwita wifi chumba cha nyuma, nikampangia mezani picha nne zilizonyooshwa, na chini yake nne za kweli. Nikamwonyesha tarehe. Nikamwambia mhandisi hakukosea, alidanganywa, na aliyemdanganya ni mimi, ili nisichekwe.

Akaweka kidole kwenye ya kwanza, kisha ya pili, akaenda hivyo hadi ya nne.

"Wiki nne," akasema.

"Wiki nne."

"Mdogo alikuwa na homa wiki hii." Kidole kilikuwa kwenye ya nne. "Alilala chumba kile. Mlango ulikaza na yeye ndani, baba yake akauvunja kwa bega."

Akanyanyuka, akatoka. Nilimsikia akiosha vyombo vilivyokuwa safi. Nikajua nimempoteza, na nikajua ni haki. Ikapita kama saa nzima. Akarudi akifuta mikono kwenye kanga, macho mekundu, hakukaa.

"Kaka yako lazima ajue."

"Najua."

"Usimwambie leo. Leo amepata usingizi wa mchana mara ya kwanza." Akavuta pumzi. "Utamwambia kesho. Na mimi nitakuwa nimekaa hapo."

Jumapili, 5 Mei

Nimemwambia kaka. Alisimama, akatoka nje, akakaa huko hadi chai ikapoa, akarudi. Wifi hakuondoka kwenye kiti.